Nanga Ndani ya Buti

Nilishasema sitaki. Nimesema jikoni, nimesema mlangoni pa kanisa, nimesema nikiwa nimeshika ufagio, lakini watoto wa siku hizi ukiwaambia hapana wao wanasikia subiri kidogo. Wanakusanya maisha ya watu wa kwetu Mkuyuni wayatie kitabuni, wakaona habari ya Ojuok na gari lake niiandike mimi, ambaye mwandiko wangu ni kuku kaparua. Waliosoma wamejaa tele, wanapita hapa na tai zao shingoni, wao hawaulizwi. Haya, nitaandika, ila nitaandika ninavyojua mimi, na mtu asije akanisahihisha. Mdogo wangu Getruda alikuwamo garini siku yenyewe. Na Ojuok amekaa kwenye kiti changu hiki hiki akanieleza yaliyokuwa moyoni mwake. Mwenye kubisha akabishane na hao.

Ojuok ni Mjaluo wa Rorya, mtu wa ufukweni, mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule. Na gari analoendesha ni kile kigari kidogo cheupe ambacho wanaoenea humo vizuri ni watu wafupi. Akija barabarani unaona magoti kwanza, halafu usukani, halafu mwenyewe huko nyuma, macho yamelegea, ametulia kama anayesikiliza maneno yanayosemwa chumba cha pili. Abiria walimpenda kwa utulivu huo. Gari la Ojuok lilikuwa halirukiruki, lilikuwa linaelea. Utoke naye Kirumba kuja Mkuyuni, ziwa liko mkono wa kulia linameremeta katikati ya mawe, upepo unaingia kidogo dirishani, wewe unasinzia na kuota, ukishuka hujui kama ulisafiri au ulilala.

Sasa, kigari cha namna ile mji mzima unajua sifa yake. Watu husema kinanusa mafuta tu kinafika Kisesa. Lakini cha Ojuok kilikunywa kama ng'ombe aliyeswagwa kiangazi kutoka Meatu mpaka ziwani. Asubuhi yuko sheli, jioni yuko sheli. Mshale wa mafuta ulilala kabla ya kuku. Na ajabu ni kwamba mguu wake ni mwepesi, hakimbizi gari, hashindani na bodaboda, wala hajawahi kuwasha kile kipupwe cha kupoza ndani hata jua liwe la kupasua mawe. Yanakwenda wapi mafuta? Hakuna aliyejua.

Kama gari lingekuwa lake, neno lisingekuwepo. Mwenye gari ni Winnie. Winnie ni binti wa Otuoma, kaka yake Ojuok, aliyefia ziwani mtoto huyu akiwa bado anatambaa. Mwaka ule ule Ojuok aliacha uvuvi, hakutia tena mguu majini, hata kuosha nyavu za watu hakutaka. Akashika mkokoteni wa barafu pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, akausukuma mpaka viganja vikawa kama gamba la mti, na mtoto wa kaka yake amekaa juu ya magunia ya pumba anaimbiwa. Akamsomesha. Akamnunulia cherehani. Binti akawa fundi wa nguo za harusi, mikono yake inatafutwa mpaka Ukerewe. Naye alipopata, kitu cha kwanza alinunua kile kigari, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Ojuok akamwambia, "Baba mdogo, barafu basi. Sasa na wewe kaa kwenye kiti."

Kwa hiyo Winnie hakuwa mchoyo, mtu asimseme vibaya. Lakini maneno ya watu ni kama mbu, humwoni, unamsikia. Mmoja anasema mzee anayauza mafuta. Mwingine anasema ana mahali anapoyapeleka. Na Chenge, kijana mmoja dereva mwenye simu mbili na mdomo mmoja unaotosha watu watatu, akaenda cherehanini kwa Winnie akajinadi: mimi nina gari kama lako, dada, nikiweka mafuta nasahau sheli iko wapi, nipe hilo uone.

Winnie akamwita baba yake mdogo.

"Baba mdogo, mimi sikufikirii ubaya. Ila mafuta hayana ndimi mbili. Jumamosi nakaa na wewe humo garini kutwa. Nikiona yanakokwenda, tunaendelea. Nisipoona, Jumatatu ufunguo nampa Chenge."

"Sawa, mwanangu," akasema Ojuok.

Akasema sawa, lakini jioni ile aliketi akapiga hesabu. Mgongo wake ulikuwa umeshaisha kwa mkokoteni. Kazi iliyobaki ya kumfaa, na alishaitiwa, ni kulinda mitumbwi pale mwaloni, kushinda amekaa kwenye mchanga ziwa likimlamba vidole. Afadhali angeambiwa alale makaburini.

Ijumaa akapeleka gari kwa Machibya. Huyu ni fundi wetu hapa Mkuyuni, Msukuma wa kule Magu, gereji yake iko chini ya jiwe kubwa lililoegemea lenzake kama mlevi na rafiki yake. Machibya hana haraka. Alizunguka gari kama mtu anayenunua dume la kulimia, akafungua boneti, akatoa plagi akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha.

"Plagi nzima. Lakini hiki kichujio cha hewa, mzee Ojuok, kimejaa vumbi la tangu tupate uhuru. Gari nalo linapumua. Nikuzibe pua halafu nikuambie upande kilima cha Bugando, si utamaliza sufuria nzima ya ugali?"

"Kipulize basi."

"Napuliza. Kikigoma tunaweka kingine." Akapiga tairi teke. Tairi likanyamaza. "Na huku nani ametoa upepo?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

"Yakijaa linagonga. Yakilegea linakwenda laini, kama juu ya maji."

"Wewe unaona maji, injini inaona tope. Umewahi kusukuma baiskeli yenye pancha? Ndivyo unavyolisukumisha hili maskini." Akainua macho juu ya paa. Juu ya paa kulikuwa na keria, na juu ya keria makasia mawili yamefungwa kwa kamba. "Na hayo?"

"Makasia."

"Naona ni makasia. Nauliza yanafanya nini Mkuyuni. Upepo wote wa barabarani yanaukumbatia, gari linavuta huku, upepo unavuta huku."

Machibya akaenda nyuma akafungua buti, na hapo akasimama, mikono kiunoni, akawaita na vijana wake waje waone. Madumu ya maji yamejaa. Kamba nene. Maboya mawili ya kuvaa, ya rangi ya chungwa lililooza. Na chini kabisa, imelazwa juu ya gunia kama mtoto mchanga, nanga ya chuma ya mikono minne, ya mtumbwi mkubwa wa wavuvi.

"Mzee Ojuok," akasema Machibya taratibu, "hili uliloniletea ni gari, au nikuitie fundi wa mitumbwi?"

Vijana wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Ojuok naye akacheka kidogo, maana si mtu wa kununa. Makasia yakashushwa, keria ikafunguliwa, maji yakamwagiwa mpapai wa Machibya, maboya na kamba vikawekwa pembeni, matairi yakajazwa upepo mpaka yakalia kama ngoma. Lakini walipoishika nanga Ojuok akaweka mkono juu yake.

"Hiyo acha."

"Ya nini, mzee?"

"Acha tu."

Machibya aliacha. Wasukuma wanajua kuna kitu cha mtu mzima hakiguswi wala hakiulizwi mara mbili. Akafunga buti, akafuta mikono.

"Sasa litakunywa kidogo, lakini bado sijaridhika. Vyote hivi nikivijumlisha havifiki kiu ya gari lako. Kuna jambo lingine, na halimo kwenye gari. Limo kwako. Lifikirie mwenyewe."

"Winnie anataka kumpa Chenge," akasema Ojuok.

"Chenge! Yule anayezima injini mteremkoni? Namwona akishuka Bugando ametia nyutro, amezima, breki imekuwa ngumu kama jiwe, usukani mzito, yeye anaita ujanja. Anaokoa kikombe cha mafuta. Siku moja atalipa kwa gari zima na pua yake juu."

Basi Jumamosi ikafika. Winnie alikuja na shela la bibi harusi mmoja wa Kirumba, jeupe, refu, amelikunja kwenye mapaja, na kikopo cha shanga. Akakaa kiti cha nyuma, akatia uzi kwenye sindano, akasema, "Twende, mimi sipo." Gari likaondoka jepesi kweli, asubuhi imepoa, ziwa lina ule weupe ambao huwezi kujua maji yanaishia wapi mbingu inaanzia wapi. Winnie akautazama mshale, ukakaa mahali pake kwa adabu. Akatabasamu peke yake.

Wakapata abiria wa mwaloni, mama mmoja wa mgahawa, akafika akasema nisubiri hapo baba, nachukua sangara mmoja tu. Wote tunajua sangara mmoja tu maana yake nini. Kuna kushika mashavu ya samaki, kuna kumfungua macho, kuna kumtukana muuza samaki na kumwombea dua hapo hapo. Ojuok akakaa, amekunja mikono, na gari linanguruma.

"Baba mdogo, si uzime?"

"Anakuja sasa hivi."

Hakuja sasa hivi. Gari likanguruma mpaka kunguru wakalizoea. Wakatoka hapo wakapeleka mtu mashineni kusaga, foleni ndefu, gari linanguruma. Wakapeleka mgonjwa wa jino kliniki, ameingia, amekaa, ametoka shavu limevimba zaidi, gari bado linanguruma. Ojuok alishuka akanunua chai ya tangawizi akanywa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti, kama mtu anayempapasa ng'ombe asiondoke. Winnie alishona shanga na kutazama mshale, na mshale ulikuwa unashuka gari likiwa limesimama, kama ndoo iliyotoboka inavyovuja imekaa barazani.

Kumbe hapo ndipo mafuta yalipokuwa yanakwenda. Hayakwenda popote.

Lakini Winnie aliona mafuta, hakuona sababu, na sababu Ojuok mwenyewe alikuwa hajawahi kuitamka, hata kwa nafsi yake. Acha niiseme, maana bila hiyo utamdhania mpumbavu.

Siku ile ya Otuoma ilikuwa asubuhi kama hii, nyeupe, maji yametulia kama mafuta ya taa kwenye bakuli. Wawili wako mbali, ng'ambo ya visiwa, Ojuok nyuma kwenye mashine ya mtumbwi, Otuoma ameanza kuvuta wavu. Otuoma ni kaka, ndiye nahodha. Akasema, "Zima, tuokoe mafuta. Tukivuta wavu mashine haina kazi." Na alisema kweli, kila mvuvi anafanya hivyo. Ojuok akageuka kuikabili mashine, akaizima. Ukaja ukimya, mzuri sana, aliniambia, ukimya ambao unasikia matone yanavyodondoka kutoka kwenye wavu. Na nyuma ya mgongo wake akamsikia kaka yake akiimba kwa pua, ule wimbo wa kwao wa kuvuta. Halafu upepo ukaja kutoka kusikotazamiwa, mawimbi yakasimama, Ojuok akavuta kamba ya mashine, ikakohoa, akavuta, ikakohoa. Hakugeuka nyuma, kwa sababu mikono ilikuwa kazini. Mtumbwi ulipinduka. Watu wa Ukerewe walimwokota yeye amekumbatia ubao, na mtumbwi ulipoburutwa nchi kavu nanga, hii hii ya kwenye buti, ilikuwa bado imefungwa mahali pake. Otuoma hakuonekana.

Hakuna aliyemlaumu, na yeye pia hakujilaumu. Kaka alisema zima, akazima. Ila kichwani mwake asubuhi ile haikuisha. Injini ikinguruma na mtu amekaa nyuma yake, basi bado ni kabla ya kuzima. Nyuma yake wavu bado unavutwa. Akizima nyumbani jioni si kitu, hapo ni bandarini. Akizima sheli si kitu, maana haingii sheli na abiria. Lakini njiani, na pumzi ya mtu nyuma ya kisogo chake, au kiti kikimngoja arudi, mkono ulikuwa haufiki kwenye ufunguo. Wewe ungemwambia okoa mafuta, yeye angesikia sauti ya kaka yake.

Jua likapita utosini, wakapita katikati ya mji, na hapo ndipo alipowasimamisha mdogo wangu Getruda. Alikuwa ametoka kununua kamba ya mbuzi, ana mbuzi jike mmoja mwenye laana, hakuna kamba ambayo hajaikata wala kigingi ambacho hajaking'oa. Getruda anaishi Kamanga, ng'ambo. Akaingia mbele bila kuuliza bei wala jina.

"Shikamoo, mama," akasema Ojuok.

"Marahaba. Kamanga."

"Sawa, mama. Tutapita darajani."

"Daraja gani?"

"La Busisi. Tunavuka pale, tunakwenda Sengerema, halafu tunashuka Kamanga."

Getruda akanyoosha kidole dirishani. Kutoka pale walipokuwa ng'ambo inaonekana, na mabati yanayomeremeta. "Kamanga ile pale. Wewe unataka kunitoa hapa unizungushe wilaya nzima uniingize kwangu kwa kupitia choo cha jirani? Kivuko hiki hapa, nasikia kinapiga honi."

"Darajani ni lami, mama. Ni pazuri."

"Pazuri pa nani? Nina mbuzi hajanywa maji."

Kiti cha nyuma sindano ikasimama. "Baba mdogo," Winnie akasema, "wa Kamanga wote huwa unawazungusha Busisi?"

"Wote."

Winnie akafumba macho kidogo. Mafuta ya mzunguko ule yangezunguka mji mzima yakabaki.

"Mama," Ojuok akasema, sauti yake imekuwa nyembamba, "nikushushe basi hapa, uvuke kwa miguu yako, sitaki hela yako."

Sasa huyo ni Getruda, na ukaidi kwetu ni wa ukoo, tumeunyonya titi la kulia na la kushoto. Akafunga mkanda, akakunja mikono. "Nimekaa. Nikikaa sishuki mpaka nifike. Tulale hapa kama unataka."

Ojuok akatazama mbele. Akamtazama Winnie kwenye kioo. Jumatatu iko pale inamngoja, na ufunguo, na Chenge, na mchanga wa mwaloni. Akapinda kushoto, akaingia kwenye foleni ya kivuko, kichwa kimejaa sauti ya injini, na kigari kikapanda juu ya chuma, tairi la mbele, tairi la nyuma, kikasimama kati ya lori la vitunguu na pikipiki tatu.

Kijana wa kivuko akaja akagonga kioo. "Mzee, zima gari."

"Likiwaka lina taabu gani?"

"Ni utaratibu, mzee wangu. Hatung'oi nanga mpaka wote wamezima."

Aliposikia neno nanga Ojuok akaguna. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo ukakaa hapo. Haukugeuka.

Watu wa Mwanza unawajua. "We babu, hilo gari ndilo linalosukuma kivuko?" akauliza wa pikipiki.

"Mwache, anachemsha chai!"

"Mzee zima, vitunguu vyangu vinaota!" akafoka dereva wa lori.

Winnie akanyoosha mkono kutoka nyuma ili auzungushe ufunguo mwenyewe, na alipougusa mkono wa baba yake mdogo akauona umeufunika ufunguo wote, kama kuku anayefunika kifaranga. Akaurudisha wake polepole.

"Baba mdogo, ni nini?"

"Ukizima juu ya maji," akasema Ojuok, "haiwaki tena."

"Nani alisema?"

"Baba yako alisema nizime, tuokoe mafuta. Nikazima."

Winnie alikuwa anajua upepo, anajua mawimbi, anajua mtumbwi uliopinduka. Hilo la kuzima alikuwa halijui. Akakaa na shela lake mapajani, mdomo wazi kidogo, na akilini mwake vitu vikaanza kukaa mahali pake, kimoja kimoja: sangara, mashine ya kusaga, kliniki, chai ya tangawizi, Busisi.

Getruda ndiye aliyesema. Hana maneno laini huyu, hata kwenye msiba anasema kama anauza mkaa. "Baba, nisikilize. Chombo hiki kina injini yake na kina mwenyewe. Wewe hapa si nahodha. Leo wewe ni mzigo, kama mimi, kama vitunguu vya yule. Umewahi kuona mzigo unashika mashine?"

Ojuok akamtazama. Kisha akazima.

Ukimya ukaja, ule ule. Kivuko kikaachana na gati, mji ukaanza kurudi nyuma na mawe yake na nyumba zilizoning'inia kwenye mawe. Injini kubwa ilikuwa inanguruma huko chini mbali, lakini ndani ya kigari palikuwa kimya, na chini ya chuma aliyasikia maji yakipita, taratibu, kama mtu anayepekua kurasa. Mwanga ulicheza kwenye paa la ndani. Ndege weupe walikuwa wanakwenda sambamba na dirisha bila kupiga mbawa. Alisema hakujua kama alikuwa macho. Na hapo, nyuma ya kisogo chake, akausikia ule wimbo wa kuvuta wavu, umeimbwa kwa pua, polepole.

Mikono yake leo haikuwa na kamba ya kuvuta, haikuwa na kazi yoyote. Akageuka.

Alikuwa Winnie. Anashona, pini mdomoni, shela limemwagika miguuni kama povu, na paji lile la uso ni la Otuoma hivi hivi. Wimbo ule Ojuok mwenyewe ndiye aliyemwimbia utotoni, juu ya mkokoteni wa barafu, akasahau kwamba alimwimbia. Winnie akainua macho.

"Nini, baba mdogo?"

"Nakutazama tu."

"Nitazame, sina pa kwenda."

Akamtazama mpaka akatosheka. Kisha akafungua mlango, akashuka, magoti yake yale marefu yakakunjuka, akaenda kusimama kwenye ukingo akayatazama na maji. Yalikuwa maji. Getruda amelala kiti cha mbele, mdomo wazi, kamba ya mbuzi mikononi.

Kamanga walipofika, malori yakaanza kuwashwa, moshi na kelele. Ojuok akarudi akaketi, akashika ufunguo, na aliniambia moyo ulikuwa unapiga kwenye meno. Akageuza. Kigari kikawaka mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyeitwa na alikuwa pale pale mlangoni.

Getruda akazinduka. "Kumbe kinawaka," akasema. "Na tulivyobembelezana!"

Kwa Getruda, chini ya kivuli cha banda, Ojuok alizima mwenyewe bila kuambiwa. Mbuzi alikuwa ameshang'oa kigingi, yuko kwenye mihogo ya jirani anakula kwa dharau. Getruda akaanza kupiga kelele. Ojuok akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akainama, akainyanyua ile nanga kwa mikono miwili. Akaisimamisha uani, akaomba kamba mpya, akaifunga kwa fundo la watu wa ziwani, na upande mwingine akamfunga mbuzi. Mbuzi akavuta. Akavuta tena. Akaitazama ile nanga, akakaa chini.

Winnie alikuwa amesimama mlangoni pa gari. Aliokota shanga moja iliyodondoka, akaifuta vumbi.

Walirudi kwa kivuko hicho hicho, wamezima. Jua lilikuwa linainama walipopanda Mkuyuni, na mshale wa mafuta umesimama wima kama askari, mahali ambapo siku nyingine ungekuwa umeshalala na kukoroma.

"Mwanangu," akasema Ojuok. "Jumatatu ufunguo unampa Chenge?"

"Jumatatu uje mapema," akasema Winnie. "Nina gauni la kupeleka Ilemela, na bibi harusi mwenyewe ni mwoga wa kuchelewa."

Hayo ndiyo maisha ya Ojuok, na bado anayaishi, hapo barabarani, magoti juu. Wale mabinti wa sheli walimwuliza kama alihama mji. Machibya anasema gari limepona, lakini dereva bado: siku nyingine akiwa amebeba mtoto mdogo nyuma, mzee husahau akaacha linanguruma kidogo, kidogo tu, halafu anageuka, anamtazama mtoto, anazima. Na Winnie akiyajua hayo hasemi.

Nimemaliza, mkono unauma, na wewe umepata bure. Kwa hiyo na wewe toa. Kama umeliacha gari lako linanguruma nje wakati unanisoma, nenda kazime kwanza, nasubiri. Umezima? Sasa fungua buti, utoe vyote ambavyo hujui umevibebea nini. Halafu ile kamba ya mbuzi wa Getruda imeshaoza kwa umande, inakaribia kukatika, na nanga bila kamba ni chuma tu. Nunua kamba mpya, ya nailoni, nene kama kidole gumba, usimletee ya katani. Vuka nayo Kamanga, kwa kivuko, usizunguke, ukauliza kwa mwenye mbuzi aliyetia nanga. Watakuonyesha. Na akikuuliza nani kakutuma, mwambie dada yake, aliyesema hataki kuandika.